Haina Deni

Kwa plaizi ile ile ya kung'olea misumari
baba alikata koromeo la friji.
Bucha ya Gongoni, Tabora, mwezi wa kumi,
mbwa wamelala chini ya meza ya mifupa
na mlango wa friji umekazwa kwa mpira wa baiskeli.
Fyuu.
Nimeshika tochi. Nina miaka tisa.
"Inakwenda wapi?"
"Juu."
"Ikifika?"
Akafuta mikono kwenye suruali.
"Haina harufu, Kalunde. Haina rangi. Haina deni."

Ikaenda.
Haikuwa na haraka. Miaka ilizurura
juu ya mabati ya Isevya, juu ya reli,
juu ya miombo na mizinga yake ya nyuki,
na mvua, inayoosha kila kitu, haikuweza kuiosha,
mpaka ikafika pale jua linapopiga bila chujio
likaivunja
na ndani yake ikachomoka punje moja ya klorini,
mwizi asiyekula anachoiba.

Huko ozoni huishi watatu watatu,
oksijeni zilizoshikana mikono,
chandarua chembamba kati ya miale na ngozi zetu.
Klorini hunyakua mmoja. Wawili hubaki,
wasioweza kuzuia kitu.
Aliyenyakuliwa humtelekeza njiani,
hurudi mikono mitupu. Hurudi tena.
Mara elfu. Mara laki.
Chandarua kikachakaa kusini kabisa, juu ya barafu,
ambako baba hakuwa na mteja hata mmoja.

Na shangazi Nyamizi, kule Sikonge,
alifukiza kitalu cha tumbaku chini ya nailoni kuua minyoo.
Asubuhi akaifunua, akashukuru, akapanda mbegu.
Bromini nayo ikapanda, bila nauli.

Sasa baba ana mtoto wa jicho.
Daktari kasema ni umri.
Sijabishana.

Plaizi nimeirithi, nafungia waya wa banda la kuku.
Kazini nina pampu, na mtungi wa kunasia gesi
unaopoa mapajani kama samaki.
Mteja anatazama saa: "Hewa tu hiyo, dada, iachie."
Baba, kwenye kigoda chake, anageuza sikio.
"Imelia?"
"Haijalia, baba."

Naupandisha mtungi kwenye mzani wa asali,
natoa uzito wa chuma.
Gramu mia moja na arobaini.
Naziandika kwenye daftari la madeni.