Kimya Kipya

Gigabaiti nane za kumbukumbu
nilizinunua kwa Bukuru, Mwanga, nyuma ya maduka ya vitenge,
kwa noti zilizonukia mawese.
Mama aliuza madumu mawili akanikabidhi fedha:
"Basi na iache kukoroma hiyo mashine yako."

Maana ilikoroma.
Miaka mitano, kama mtu aliyelala chali baada ya msiba.
Mteja akija kuchapisha barua ya kuomba kazi
aliuliza kwanza: humu ndani mnasaga mahindi?

Jumapili nikafunga mlango wa stesheni, nikafungua ubavu wa mashine.
Vumbi jekundu la barabara ya Ujiji.
Mende wawili, wakavu.
Unyoya, wa kuku wa nani sijui.
Nikasugua kwa mswaki uliostaafu,
nikasogeza hiki, nikapisha kile,
nikakandamiza kumbukumbu kwa vidole gumba
mpaka zikalia tak, huku na huku.
Nikawasha.
Kioo kikaandika mstari mmoja wa Kiingereza;
nikabonyeza kitufe upesi, upite.

Kisha kimya.

Nikamwita Leokadia wa saluni.
"Sikiliza."
"Nisikilize nini?"
"Hichohicho usichokisikia."
Akasema hongera. Akasema tena hongera.

Jumatatu saa mbili, inakimbia.
Saa tatu, inatembea.
Saa nne Mwalimu Gwimo kasimama mezani
na mtihani wa jiografia, kidato cha pili,
maswali thelathini na ramani ya mikondo ya hewa,
nami nabonyeza K,
nasubiri,
inafika K, imechoka,
kama abiria aliyeshuka na treni ya jana.

Nikaanza kushuku.
Nikashuku virusi, nikapekua faili kwa faili, hola.
Nikamshuku Bukuru: kaniuzia makapi.
Nikazichomoa kumbukumbu, nikazisugua meno kwa kifutio cha penseli,
nikazirudisha. Zilihesabika zote, mashine yenyewe ilikiri.
Nikaushuku umeme wa Kigoma,
ambao hata ndugu zake hawautetei.
Nikalishuku, Mungu anisamehe,
jicho la Leokadia na zile hongera mbili.

Nikizima nusu saa, nikiwasha, inaruka kama ndama.
Dakika kumi, inatambaa.
Mwalimu akavuta kiti. Akavua viatu.
"Si ulisema umeiongezea?"
"Nimeiongezea."
"Akili?"
Sikujibu.

Chai ndiyo iliyosema.
Kikombe nilichokisahau juu ya sanduku tangu saa tatu;
saa sita nikanywa fundo moja kwa hasira,
likaniunguza ulimi.

Nikaweka kiganja ubavuni. Nikakitoa haraka.
Nikazima, nikafungua, nikamulika kwa tochi ya simu:
feni imekaa tuli, safi, imepigwa mswaki,
na waya wake mwembamba unaning'inia
palepale mkono wangu ulipopita
ukiitafutia kumbukumbu mpya nafasi.

Kumbe hapakuwa na kitu kilichopona.
Mashine iliungua polepole, ikajipunguzia mwendo isife,
nami nje naita watu waje wausikilize upole wake.
Na ule mstari wa Kiingereza
ulikuwa na maneno machache tu, na moja lilikuwa feni.

Nikachomeka waya. Nikawasha.
Ikakohoa, ikasita,
ikaanza kukoroma.

Nakala themanini zilitoka kabla ya saa nane.
Mwalimu Gwimo akavaa viatu, akazihesabu mara mbili,
akasema kelele zimerudi.
Nikasema ndiyo, inapumua.

Jioni mama atapita kutoka sokoni.
Atasimama mlangoni na karai lake, atatega sikio,
ataniuliza madumu yangu mawili yalinunua nini
ikiwa mkoromo ni uleule.

Tangu saa nane natunga jibu.
Nabonyeza K, inatokea K, papo hapo.
Jibu lenyewe ndilo halijafika.