Nukta ya Inzi

Siku ya nne mitende ilikuwa bado inaruka.
Ilitoka mzingani alfajiri, ikatua mauani,
ikarudi jioni miguu imejaa chavua,
na Odilo, kasisi kutoka Lieji, kijana wa ukungu na matufaha,
akayaandika yote kwa Kilatini bila kuinua kichwa.

Mimi ni Servando, mwana wa Temam. Kazi yangu ni mdomo.
Kitabu kipo mbele yangu kwa Kiarabu;
nakisoma kimoyomoyo, nakisema kwa lugha ya sokoni hapa Toledo,
lugha ya kununulia vitunguu na kutukania punda,
naye anaisikia, anaivisha kanzu, anaipeleka kanisani.
Kabla ya Mwarabu alikuwako mtawa wa Shamu,
na kabla ya mtawa, Myunani mwenyewe,
aliyechuchumaa ufukweni akipasua pweza
ili ajue moyo umekaa wapi.
Kikombe kimoja, mikono mitano. Kila mkono umemwaga kidogo.

Lakini mitende!
Babu yangu alitoka Elche. Nimeipanda,
miiba yake imenichoma, najua haiendi popote.
Nilisema tu kilichoandikwa; mjumbe hauawi.
Odilo hajauona mtende maishani mwake.
Kwake yeye, kusini ni nchi ambako lolote laweza kuruka.

Nikakisogeza kitabu dirishani.
Neno la herufi tatu, ya kati tumbo wazi,
na juu yake nukta.
Nukta ikiwapo, mtende. Isipokuwapo, nyuki.
Nikaikwangua kwa ukucha. Ikabanduka, nyepesi, kahawia.
Haikuwa wino. Kinyesi cha inzi,
inzi wa Baghdadi au wa Kurtuba, aliyekufa zamani
asijue kwamba naye alifasiri.

Nilicheka. Odilo hakucheka.
"Mwanafalsafa hakosei."
"Hakukosea yeye. Aliyekosea ana mabawa."
Akashika kisu cha kukwangulia, akakaa nacho tu.
Kurasa kumi na moja, na ngozi ya ndama si bei ya kabichi.

Alasiri tukashuka mtoni kwa Mari Pelaez, mjane wa mfinyanzi,
mwenye mizinga kumi na saba ya magome.
Mwenye macho haambiwi tazama;
mwenye kitabu huambiwa, na bado hatazami.
Mama yule alifungua mzinga kwa mkono mtupu.
Odilo akakariri, kwa sauti ya ibada:
wana mfalme mmoja, humfuata, akifa hutawanyika.
Akamtazama kama mtoto aliyevaa viatu kinyume.
"Mfalme?" Akatuonyesha kwa kidole:
mrefu, wa taratibu, amezingirwa.
"Huyu anataga. Nimemwona mimi, na mama yangu alimwona.
Mfalme gani anayetaga?"

Tulipanda mlima kimya, nyuki mmoja kwenye kofia ya Odilo.

Usiku ule aliikwangua mitende yote, mmoja mmoja.
Vumbi la ngozi likamganda vidoleni kama chavua.
Akaandika nyuki, nyuki, nyuki.
Alipofika kwa mfalme, kisu kikasimama.
Mimi nilishika taa. Neno lilikuwa mdomoni mwangu,
la sokoni, silabi mbili.
Akanigeukia: "Kitabu kinasemaje?"
"Kinasema mfalme," nikajibu.
Na kweli ndivyo kilivyosema.

Theluji ilipoyeyuka walikipakia juu ya nyumbu,
kikavuka milima kwenda Paris,
ambako, nasikia, vijana hutoana meno kwa ajili yake.
Nyuki wamo. Mfalme yumo.
Mimi simo, wala Mari Pelaez.
Ila pambizoni, ukurasa wa tisa, ukiuelekeza juani,
kuna alama ndogo ya kahawia.
Hiyo si ya inzi.
Ni asali. Sikunawa makusudi.