Arubaini na Tatu

Saa kumi na moja alfajiri, Duluth, nje theluji imefika dirishani,
Solveig yuko sakafuni kati ya vitanda vyetu,
mimi nimejifunika blanketi hadi masikioni, namhesabia pushapu:
thelathini na nane, thelathini na tisa.
"Hiyo siihesabu," nasema, "kifua hakikugusa."
Ananilaani kwa Kinorwe cha bibi yake, anairudia.

Ana miaka ishirini. Ana masomo kumi na matano aliyokwisha kuyafaulu,
na Annapolis, wakimkubali, hawatampunguzia hata siku moja.
Ataanza mwaka wa kwanza pamoja na watoto wa juzi,
atafokewa, atafundishwa upya kutandika kitanda.
Hapo ndipo ninapocheka.
Miezi kumi na sita nimelala mkabala na kitanda hicho,
sijakiona kimetandikwa.

Walimkataa mara moja, akiwa na miaka kumi na saba.
Barua ilikuwa fupi, yenye adabu.
Baba yake, muuza matairi wa Cloquet, aliikunja mara nne
akaisukumiza chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikicheza.
"Haya, sasa ina kazi," akasema.
Meza imetulia mpaka leo.

Novemba alikwenda mbele ya jopo,
chumba cha nyuma cha maktaba, watu watano,
mmoja mzee mwenye beji ya manowari
ambayo vyuma vyake vilishayeyushwa zamani.
Wakamwuliza: Binti, una chuo, una alama, una ufadhili,
kwa nini ubomoe nyumba iliyokwisha kufika kwenye linta?
Anasema alijibu vibaya.
Alisema: "Usiku nasikia honi za meli za madini zikiingia mferejini,
na kila mara
naona nimelala upande usio wangu."
Mzee aliandika kitu. Hakuinua uso.

Profesa Abernathy wa hesabu aliombwa barua,
akakaa nayo wiki tatu.
Alipoikabidhi, bahasha imegundishwa kwa gundi nyingi mno:
"Nimesema kweli tupu. Ndiyo maana nimechelewa."

Mimi sikuombwa barua.
Ningeandika kwamba anaiba soksi.
Kwamba nilipougua Februari alinipandisha ngazi tatu mgongoni
huku akikariri jedwali la elementi, ili asisikie anavyohema.
Kwamba hulia akiosha vyombo, bomba likiwa wazi kabisa,
akidhani maji yanamfichia.
Ningeandika: mchukueni.
Kisha ningefuta, ningeandika: ana pumu,
ambayo hana.

Arubaini na moja.
Arubaini na mbili.
Jasho limedondoka juu ya zulia, doa dogo, jeusi.
Anashuka. Kifua kimegusa, nimeona kwa macho yangu,
anapanda, mikono inatetemeka, ananitazama,
nami namba ninayo, iko tayari ulimini,
naichelewesha.