Bado Linaongea

Mwezi wa saba ndizi huiva zote kwa pamoja
kama wanafunzi waliosikia kengele,
na kihamba chetu hapa Uru kinanuka sukari.
Nyuki hujua kabla yangu.

Namenya kisukari. Zenye ukungu nampa nguruwe,
yeye hatarajii kufika miaka themanini.
Nachemsha, naacha rojo ipoe
hadi iwe vuguvugu kama kiganja cha mtoto aliyelala,
ndipo hamira: kijiko, si konzi.
Ndimu mbili. Choya kwa ajili ya rangi,
maana mteja wa mjini hununua kwa macho.

Mfuniko wa pipa umetobolewa, una mpira mwembamba
ulioinamisha ncha ndani ya chupa ya maji:
pumzi itoke, nzi asiingie.
Nililiona hilo kwenye maabara ya sekondari
nilikofagia miaka kumi na tisa
huku masomo yakiniingia kwa mgongoni.

Kando ya pipa, kwenye kigoda, kaka yangu Eliakunda.
Hakuzaliwa hivyo.
Ulikuwa msiba wa jirani, na gongo ya bure
iliyopitishwa kwenye rejeta ya lori.
Kuna aliyewasha kiberiti kuipima,
akasema moto ni wa bluu, kunyweni.
Kweli ulikuwa wa bluu. Bluu safi kabisa.
Wiki hiyo tulichimba makaburi matatu mengine,
na Eliakunda aliamka akiuliza
mbona hamjawasha taa,
jua likiwa limeshafika kitandani.

Kwangu moto haupiki kileo.
Moto unachemsha vitambaa na chupa, basi.

Kila asubuhi anaegemeza sikio kwenye pipa
kama mkunga.
Mimi nahesabu mapovu kwenye chupa ya maji, naona yamekwisha.
Yeye anasema, "Bado linaongea."
Siku ya kumi na nne: bado.
Mama Ndelilio wa duka la karibu na stendi anapiga simu,
ana harusi Jumamosi, anataka chupa arobaini.
"Bado linaongea."
Namwambia Mama Ndelilio atafute soda.

Mwaka juzi sikumsikiliza.
Ada ya mtoto ilikuwa imenikaba, nikaziba mapema,
na usiku stoo ikaanza kupiga risasi:
chupa kumi na moja, moja baada ya nyingine,
hadi mbwa akaingia uvunguni.
Vigae vikamwagika kwenye gunia la maharage.
Tuliyachambua punje kwa punje hadi Pasaka.

Leo ameweka sikio, kisha lile jingine.
Amekaa kimya mpaka chai yangu ikapoa.
"Limenyamaza."

Basi. Marekani niliyonunua Kiboriloni imechemka tangu alfajiri,
chupa zimeinama kwenye waya, zinadondosha jasho.
Nachuja mara ya kwanza, machicha yanabaki kama matope ya mfongo.
Nachuja tena. Nafunika, naacha mashapo yashuke siku tatu,
simruhusu mtu hata kupita kwa kishindo.
Kisha nafyonza kwa mpira, taratibu, kutoka juu,
na pale mashapo yanapoanza kuinuka naacha.
Vidole vinne vya divai vinabaki chini.
Shemeji huviita hasara.
Mimi naviita mpaka.

Eliakunda ndiye anayeziba. Haonji.
Kidole gumba chake kinapima kila shingo ya chupa,
yenye ufa anaiweka kando bila neno.
Ananiuliza, kama kila mwaka, imetoka rangi gani.
Namwambia: nyekundu, kama khanga ya mama,
ile ya kwendea kanisani.

Anatikisa kichwa.
"Ile ilikuwa ya kijani," anasema.
"Kumbe kipofu ni wewe."

Naandika tarehe kwenye karatasi, nabandika.
Sibishani naye.