Mstari Mwekundu

Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
duka la kuchapa na kutoa kopi, mlango wa buluu.
Leo nimeandika kwenye kadibodi: HATUCHAPI MPAKA SAA KUMI,
nikaiegemeza kwenye mtungi wa gesi wa jirani,
nikazikalisha kompyuta mbili uso kwa uso
kama wakwe siku ya kujadili mahari,
katikati yao waya mmoja, mfupi, mweupe.

Ya zamani inapumua kama mwenye pumu.
Bawaba yake nimeifunga kwa uzi wa kushonea viatu.
Miaka tisa. Herufi B ilikufa mwaka wa tatu:
ukitaka kuandika baba, gonga kwa nguvu,
mara mbili, kama unayempigia hodi kiziwi.
Mpya haina sauti. Imekaa tu, inang'aa,
mgeni aliyekataa chai.

Fundi Mhina alisema, "Mama Zuhura, hiyo ni kazi ya soda moja."
Nimekunywa tatu.
Faili elfu kumi na nne, mia mbili na sita,
na ule ufito wa kijani unatambaa kama jongoo ukutani.
Naona majina yakipita, jina moja kila nikipepesa:
barua ya kazi Kilua,
barua ya kazi Kilua mpya,
barua ya kazi Kilua ya mwisho kabisa.
(Aliipata. Yuko bandarini, siku hizi hanisalimii.)
Tangazo la msiba wa Bi Mwanashehe, Mwakidila.
Katiba ya kikundi cha kukopeshana
kilichovunjika kabla wino haujakauka.
Talaka ya Sebarua, nakala mbili.
Kadi ya harusi ya Sebarua, nakala mia tatu.

Asilimia sitini na moja, umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukaguna kwa koo moja.
Ya zamani haina betri; ilizimika palepale, bila kuaga.
Mpya ikabaki macho, ikaniuliza kwa adabu:
uanze upya, au uendelee ulipoishia?
Nikaitazama.
Nikaenda kununua mihogo.

Saa tisa na robo vitu vyote vilikuwa vimevuka,
isipokuwa programu ya kadi za harusi, iliyogoma:
inadai namba ya leseni,
na karatasi ya leseni ilishaliwa na mchwa.
Haya. Nikageuza kadibodi.

Mteja wa kwanza, kijana wa Makorora,
anataka barua ya kuomba kiwanja.
Nikaandika jina lake, Sekiondo Shemdoe.
Mstari mwekundu.
Nikaandika Makorora. Mwekundu.
Chumbageni, Sahare, Mabawa, nyekundu, nyekundu, nyekundu,
kama mwalimu mgeni aliyeshuka jana
akakuta darasa zima tumejikosea majina.

Ndipo nikakumbuka.
Ile ya zamani niliifundisha mwenyewe,
jina kwa jina, mteja akingoja kwenye benchi:
bonyeza hapa, ongeza kwenye kamusi.
Miaka tisa, hadi ikaacha kututilia shaka.
Sikujua kwamba hiyo nayo ni faili,
ina mahali pake pa kulala, inahamishika.
Na Mhina hakuiuliza, wala mimi sikuitaja,
na ile mashine sasa haitaki tena kuwaka.

"Mama, kuna kosa?" kijana akauliza,
ameinama, anautazama wekundu chini ya jina la babu yake.
"Hakuna kosa. Haikujui tu. Kaa."
Nikabonyeza. Sekiondo: ongeza.
Shemdoe: ongeza.
Makorora: ongeza.
Mistari ikafutika mmoja mmoja
na yeye akacheka kila mara, kama anayetazama mazingaombwe.

Kidole changu nacho hakikuhamishwa.
Mazoea yana taabu; B bado nakigonga kwa nguvu, mara mbili.
Nikimaliza ukurasa nasoma:
Bbarua ya maombbi, Bbarabbara ya Kumi na Tano.
Nyekundu tele.
Hapo sibonyezi kitu.
Hapo haijakosea.