Zanda Kumi

Mashine imesema *jaribu tena*
mara ya saba,
nami nimempa Bi Somoe ndimu, nimempa kitambaa,
nimempa mafuta ya nazi kwenye kifuniko cha soda,
na kidole chake cha shahada
kimelala juu ya kioo kama mgeni aliyeambiwa asubiri
wala hakuambiwa asubiri nini.

Miaka thelathini na moja ameponda kokoto Maweni.
Jiwe la Manda lina meno.
Lilianza na ngozi, likala mistari,
likala ile mizunguko midogo ambayo, tunaambiwa,
Mungu hakumpa mtu mwingine.

Muhula mmoja nilisoma Malindi, masomo ya jioni.
Mhadhiri aliandika ubaoni: chochote chenye bei
kina mbadala; mtu hana.
Nikanakili. Nikapata alama sitini na nne.
Kisha nikaajiriwa hapa Amu, dirisha la pili,
ambako kila jambo huanza na *ki-*:
kitambulisho, kibali, kiti, kivuli cha cheti,
kisanduku cha kutia tiki.
Watu huingia na *m-* zao.
Jioni nikifagia, sijui kwa nini, huangalia chini
kama kuna aliyeiangusha.

Fomu ina visanduku vitatu:
*kidole kimekatika; kidole kina jeraha; hakuna kidole.*
Bosi, bila kuinua uso kwenye simu, anasema,
"Tia tiki hakuna. Mfumo utakubali.
Kadi ataipata kabla ya Maulidi."

Na ni kweli, mfumo ungekubali.
Bila kadi hapokei pesa za wazee, hasajili laini,
hospitalini huandikwa kwa jina la mpwawe.
Nikashika kalamu.

"Waandika nini, mwanangu?"
Nikamsomea.

Hakupaza sauti. Aliweka mikono yote miwili mezani,
juu ya faili za watu wengine,
akaanza na gumba:
"Moya. Mbili. Tatu."
Foleni ikanyamaza. Mtoto aliyekuwa akilia mlangoni
akadakia, "Nne!"
"...Kumi. Na zanda hizi zimelea wana watano,
zimemwosha mamangu alipokufa.
Usinandike sinazo.
Kama ile haina mato, iandike ile."

Nilitaka kumwambia ni kisanduku tu,
ni tiki tu, Bi Somoe, si wewe.
Neno *tu* likanikwama kooni,
kwani ndilo libakialo
mtu akishanyang'anywa *m-* yake.

Nikaandika pembeni, nje ya visanduku, kwa wino:
*Vidole vipo. Kumi. Kazi imevilainisha.*
Bosi alicheka. Nairobi hawakucheka;
faili lilirudi baada ya wiki sita,
maneno yangu yamezungushiwa duara jekundu:
*maelezo yasiyohitajika.*

Sikushinda chochote. Aliyekosa pesa za wazee ni yeye,
si mimi, na hilo hunijia kila nipokeapo mshahara.
Jumatatu ya kwanza ya mwezi huja, kalipa boti kwa sarafu,
huisalimu foleni nzima, huketi.
"Imeota mato?" huuliza, akiielekezea mashine kidevu.
"Bado, Bi."

Leo umeme ulikatika. Feni ikasimama.
Nikauegemea ukuta kando ya dirisha langu,
pale chokaa ilipobanduka.
Ndani mna kokoto, nyeupe, kali,
na kila moja ilishikwa kwanza na mtu
kwa vidole viwili, ili nyundo isikose.
Nikapapasa moja. Nikapapasa nyingine.
Zilikwaruza.

Umeme uliporudi, mashine ikawaka kijani,
ikaomba kidole.
Nambari yake ilikuwa arubaini na mbili.
Nikaita jina.