Vipimo vya Maji

Novi Sad, nyuma ya stesheni, theluji hadi kizingitini.
Bwana kaingia na bintiye, kavua glavu moja tu:
"Yule wa dhahabu. Na lile bakuli la mviringo."

Bi Radmila hakugusa wavu.
Alichota maji kikombeni, akamnusisha mtoto.
"Yananuka nini?"
"Hayanuki."
"Samaki hukojoa humohumo anamopumulia.
Sharti kwanza vizaliwe vijidudu vya kumfagilia."

Akajipima kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono:
"Akikua hufika hapa. Akitunzwa, miaka kumi na mitano.
Wewe utakuwa na mingapi?"
Binti akahesabu vidole, vikamwishia.

Baba akanung'unika: amekuja dukani, hakuja mtihanini.
"Kweli. Ila wengi hunirudia Jumatatu
na mfuko wa maji, na mtoto aliyevimba macho."

Wakaondoka na kokoto, mmea mmoja,
na chupa ya maji ya kahawia kutoka tangi kuukuu:
zawadi ya vijidudu.

Mimi nilikuwa nikifuta vioo. Siku hiyo hatukuuza hata dagaa.

Wiki ya sita kengele ya mlango ikalia.
Binti, na karatasi ya vipimo kwa penseli,
kila siku na tarakimu yake;
ya tisa ameandika: nilisahau.